Kreti la Mlangoni

Mimi ni mwoga. Nalisema hili mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Naogopa mbwa, naogopa ngazi zisizo na kishikio, naogopa simu inayolia alfajiri, na kuliko vyote naogopa umeme. Kwa hiyo siku wifi yangu aliponiambia tuanzishe biashara ya kuwasaidia wenye maduka na viwanda kupunguza matumizi ya umeme, nilitafuta pa kukaa.

Wifi huyu ni mke wa kaka yangu. Mtaa mzima unamwita Mama Swichi, na jina lenyewe hakuliokota. Alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mablanketi kwa miaka kumi na minne, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa, mpaka kiwanda kilipofunga geti. Wenzake walilia. Yeye alirudi nyumbani na sanduku la koleo na hasira tele.

"Kiwanda hakikufa kwa kukosa wateja, wifi," aliniambia. "Kimekufa kwa mashine zinazounguruma bila kazi, na taa zinazowaka mchana kweupe, na milango iliyoachwa wazi. Nimepiga kelele mpaka koo likakauka."

Nyumbani tulimsikiliza tupende tusipende. Ukitoka jikoni, taa ilikuwa imeshazimwa kabla kisigino hakijavuka kizingiti. Friji ilifunguliwa kwa utaratibu: unataja kwanza unachotaka, ndipo unagusa mlango. Kaka yangu ni mwalimu wa hesabu, mpole, mtu asiyeweza kumkemea hata kuku. Jioni moja alikuwa anaoga, taa ikazimika, tukamsikia akiita kutoka gizani, "Jamani, humu kuna mtu!" Mama Swichi akamjibu akiwa sebuleni, "Sasa kimya chote hicho cha nini?" Tangu siku hiyo kaka anaoga huku akisoma jedwali la kuzidisha kwa sauti.

Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa na cherehani yangu barazani kwao, nashona sare za shule mbili. Nilidhani nitaachwa na mambo yangu. Thubutu! Aliniletea kitambaa kizito cha turubai na sufi ya kuzuia joto, akaniambia nilishonee koti tangi la maji moto. Nikamwambia mimi huwavisha binadamu. Akasema tangi nalo linapoteza joto kama binadamu, tena halilalamiki kuhusu mshono. Nikacheka, nikashona, na hapo ndipo nilipojikaanga. Baada ya koti la tangi yakaja mapazia ya plastiki nene iliyokatwa vipande virefu, yale yanayoning'inizwa kwenye milango ya vyumba vya baridi ili baridi isitoke. Kufikia mwezi wa tatu wa biashara nilikuwa nimeziacha shule zangu zote mbili.

Ubao wa biashara aliuandika mwenyewe: OKOA UMEME. UKAGUZI, VIFAA NA UFUNGAJI. Aliutundika juu ya mlango wa sebule, kwa kuwa sebule ndiyo ilikuwa ofisi. Yeye akipita chini yake anatembea kifua mbele. Mimi nilikuwa nikipita nimeinamisha kichwa, nikijiuliza shule zile zitanipokea tena au zimeshapata fundi mwingine.

Mteja wa kwanza tulimpoteza kwa sababu yangu. Alikuwa mwoka mikate. Mama Swichi alitaka kupima tanuri linavyokula umeme kwa saa nzima likiwa limefungwa, baada ya kulibadilishia mipira inayoziba kingo za mlango. Mimi niliwekwa pale kulilinda. Dakika ya arobaini nikanusa kitu kama kuungua, roho ikaniruka, nikafungua kuchungulia. Mikate ilikuwa salama salimini. Kipimo ndicho kilichoharibika. Mwoka mikate akasema hana muda wa kuanza upya, tukakusanya vyombo vyetu. Mama Swichi hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alikuja barazani, akasimama mbele ya cherehani.

"Wifi, nikikwambia mlango usifunguliwe, usifunguliwe. Hata akija malaika."

"Nimekoma," nikasema, na kweli nilikuwa nimekoma. Nilimpenda, na nilimwogopa vilevile. Niliapa moyoni kwamba safari nyingine hata nyumba ikishika moto nitakaa palepale.

Mteja wa pili alikuwa mwenye ghala la kuku na nyama za kugandisha. Ana maduka mengine manne, na alituambia waziwazi kwamba kipimo kikionyesha nafuu, tutamfungia vifaa kote. Mbele palikuwa na kaunta na keshia, dada mmoja mwenye miwani. Nyuma ya kaunta kulikuwa na ukumbi mwembamba wenye sakafu ya saruji isiyokauka maji, na mwisho wa ukumbi, mlango wa chumba cha baridi: mnene, mweupe uliogeuka manjano, wenye mkono mrefu wa chuma. Mita ya umeme ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka pale. Na chini, likiwa limeubana mlango usijifunge, kreti la plastiki la buluu, limechakaa kona zote.

Mama Swichi alipoliona kreti lile alishika kiuno. Baridi ilikuwa inatiririka nje mpaka miguuni mwetu.

"Nani ameweka hili?"

Mpakiaji wa maboksi alikuwa anapita na boksi begani. Mtu mnene, mzito wa maneno, na kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi. "Mimi, mama."

"Kreti lako hili linakula umeme kuliko taa zote za duka. Unajua?"

"Mama, liache tu. Hilo kreti lina kazi—"

"Kazi yake ni uvivu. Mtu hataki kufungua mlango, basi anauacha wazi kutwa nzima. Nimeyaona haya kiwandani miaka kumi na minne."

Mpakiaji alimwangalia, akaniangalia na mimi, akahamisha boksi bega la pili, akaenda zake. Nakumbuka uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyezoea kukatishwa.

Asubuhi ile tulifanya kazi kama punda. Tulitundika pazia langu, tukabadilisha mipira ya mlango, tukafunga springi ya kuurudisha mlango ujifunge wenyewe. Ndani alifunga taa inayowaka mtu akisogea na kuzima akitulia. Saa sita na nusu duka lilifungwa kwa chakula cha mchana, mwenye ghala akaenda nyumbani, wafanyakazi wakatoka, akabaki keshia mbele na chakula chake. Mama Swichi akanipangia kazi. Mlango utafungwa saa nzima. Mimi nikae kwenye kiti karibu na mita, niandike namba kila baada ya dakika kumi. Akanipa simu yake niwe naangalia saa, maana yangu ilikuwa imekufa betri. "Mimi napanda juu ya paa kuangalia mashine," akasema. "Na mlango?"

"Usifunguliwe."

"Hata akija nani?"

"Hata akija malaika."

Akanipiga kofi dogo la bega, akacheka, akaenda. Kalamu yangu ikagoma hapohapo. Nikaenda mbele kumwazima keshia, tukasemezana kidogo, nikarudi. Niliporudi kreti lilikuwa limewekwa pembeni ukutani na mlango umefungwa. Nikajua kipimo kimeanza. Nikaandika namba ya kwanza, nikakaa.

Sasa niseme lililo kweli, ingawa wakati ule sikulijua. Wifi yangu hakuwa juu ya paa. Nilipokuwa mbele kwa keshia, alishuka mara moja kuweka kipimajoto katikati ya maboksi, akalisogeza kreti kwa mguu, akaingia bila koti kwa kuwa ni jambo la nusu dakika, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa springi aliyoifunga kwa mikono yake. Kuna kitasa upande wa ndani. Alikiona asubuhi, akaridhika. Hakukijaribu. Mle ndani ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, naye alikuwa na blauzi ya mikono mifupi.

Nami nilikuwa nje, nimekaa wima, naulinda mlango asitoke mtu.

Kama dakika ya kumi na mbili nilisikia kitu. Du, du, du. Mashine za baridi hugonga zikikata na zikianza, Mama Swichi mwenyewe alishanifundisha, kwa hiyo nikaandika namba yangu. Halafu mashine ikanyamaza kabisa, ukumbi ukawa kimya, na kile kitu kikaendelea. Du, du, du. Kinanyamaza. Du, du, du. Niliinuka, nikaweka kiganja mlangoni. Nilihisi mtikisiko mdogo sana, kwa mbali, kama mtoto anapocheza tumboni.

Nilisema kwa sauti ndogo, "Wifi?"

Mashine ikawaka tena, ikameza kila kitu.

Nilisimama pale nimeshika ule mkono wa chuma. Nilijiambia ni boksi limeanguka. Nilijiambia ni feni ya ndani imekwama na barafu. Nilijiambia Mama Swichi yuko juu, atashuka, atanikuta nimefungua, na safari hii hatanisemesha mwezi mzima, na maduka manne yatakwenda na maji, na nani atanirudishia shule zangu? Nikauachia ule mkono. Nikarudi kwenye kiti nikakaa. Naliandika hili kama lilivyokuwa: nilisikia, nikakaa.

Dakika ya ishirini na tano keshia akaja kutoka mbele akifuta midomo.

"Dada, nifungulie kidogo. Kuna mteja anagonga dirishani, anataka kuku wawili tu."

"Haiwezekani. Tuko kwenye kipimo."

"Sekunde moja, jamani! Naingia natoka."

"Nimesema mlango haufunguliwi!" Nilimpigia kelele kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Nilikuwa nimesimama nimeupa mlango mgongo, mikono nimeitanua. "Nenda kamwambie mteja wako arudi saa nane!"

Keshia akanitazama juu mpaka chini, akasonya, akarudi mbele. Mimi nikakaa nikitweta. Sitaficha, nilijisikia fahari. Nikasema leo wifi atajua kwamba mimi si yule wa mikate. Na wakati nikijisifu hivyo, kule kugonga kulikuwa kumepungua. Sasa kulikuja mara moja moja. Kisha kukaacha. Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Dakika ya thelathini na nane mpakiaji akarudi kutoka kula, anachokonoa meno kwa njiti. Akaona ukuta. Akaona kreti. Njiti ikamwanguka.

"Nani katoa kreti?"

"Wifi yangu. Ni kipimo. Mlango haufu—"

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu. Yeye yuko juu ya—"

"Kitasa cha ndani ni kibovu!" Alikuwa ameshanifikia. "Miaka miwili kinazunguka tu, hakifungui! Hilo kreti tunaliweka mtu asifungiwe! Nani yuko ndani?"

Kile nilichokuwa nimekijua tangu dakika ya kumi na mbili kikanijia chote kwa mpigo. Alinisukuma kando kwa kiwiko, akaukamata ule mkono wa chuma, akauvuta.

Ndani kulikuwa giza. Taa ile ilikuwa imezima kwa kuwa hakuna aliyekuwa anasogea. Mlango ulipofunguka ikawaka, na wifi yangu alikuwa palepale, amejiegemeza nyuma ya pazia langu, ameketi juu ya boksi, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa akigonga kwa kiatu hicho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi. Alituangalia kama watu asiowafahamu, akajaribu kuinuka, akamwangukia mpakiaji kifuani.

Nilipiga yowe mpaka keshia akaja mbio. Mpakiaji alivua koti lake la kazi akamfunika, akavua na ile kofia ya sufi akamvika, akambeba kama anavyobeba maboksi yake, akamweka juani nyuma ya duka. Mimi nilikuwa nimemshika miguu namsugua huku nalia na kutukana, simtukani yeye, najitukana. Hakuwa anatetemeka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mpakiaji alikuwa anasema, "Tetemeka, mama. Tetemeka." Ilichukua muda mrefu. Meno yake yalipoanza kugongana, mtu mzima yule alikaa chini kwenye saruji akafunika uso.

Zahanati tulikompeleka, daktari alisema vidole vitapona, na kwamba ingepita nusu saa nyingine angekuwa anasema mambo mengine. Mwenye ghala alifika zahanati jasho linamtoka, akasema hakujua kabisa habari za kitasa. Mpakiaji, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kofia, akasema, "Nilikwambia, bosi. Mara tatu."

Siku ya pili yake Mama Swichi alikaa nami barazani, vidole vimefungwa bandeji, blanketi mabegani na jua kali lote lile. Kaka alikuwa ameenda shuleni kwa kulazimishwa, maana alitaka kukaa amemshika mkono kutwa. Mimi nilikuwa nazungusha gurudumu la cherehani bila kitambaa.

"Ile taa," akasema. "Ilikuwa inanizimikia kila nikisimama kugonga. Ikabidi nipunge mkono mmoja nigonge na mwingine. Baadaye nikachoka kupunga."

Nikalisimamisha gurudumu.

"Wifi, ulinisikia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo usiku kucha, na jibu nilikuwa nalo: mashine ilikuwa inaunguruma, mlango ni mnene, sikusikia. Nilifungua kinywa.

"Nilikusikia," nikasema. "Nilidhani mashine. La, wifi. Mara ya kwanza nilidhani mashine. Mara ya pili nilijua si mashine, nikaogopa kukuharibia kipimo. Nilikuogopa wewe."

Muuza maji alipita, akatusalimia, hakujibiwa.

"Na mimi nilikusikia," akasema mwishowe. "Nilipokuwa nimeweka sikio kwenye mpira wa mlango. Nilikusikia ukimfukuza yule dada. Uliongea kama mimi kabisa. Nikajua hutafungua, kwa sababu mimi ndiye niliyekukataza. Ndipo nikaketi." Alijifunika blanketi vizuri. "Na yule mpakiaji alitaka kuniambia, nikamkata kauli. Mdomo wangu huu."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia nimshonee koti, zito, la mikono mirefu, la binadamu.

Baada ya wiki mbili tulirudi ghalani. Hatukuitwa. Alienda na kitasa kipya ndani ya mfuko na akamtafuta kwanza mpakiaji, akamwomba radhi mbele ya keshia na mbele ya bosi, kisha akamwambia, "Nioneshe kila kitu humu mlichokitengeneza wenyewe, na sababu yake." Mpakiaji alizungumza saa nzima. Sijui maneno yote yale alikuwa ameyaweka wapi. Baada ya hapo Mama Swichi akapiga magoti, akafunga kitasa kwa vidole vyake vilivyokuwa bado vimevimba.

Ikabaki kukijaribu, na hilo linataka mtu ndani na mlango ufungwe. Mpakiaji akasema ataingia yeye. Mama Swichi akakataa, kitasa amefunga yeye. Akavaa koti langu. Kisha akanigeukia.

"Wewe kaa mlangoni."

"Mimi? Wifi, baada ya yale? Mwambie mpakiaji."

"Nimesema wewe. Usifungue, kitasa lazima kifungue chenyewe, la sivyo hatutajua. Hesabu mpaka sitini; ukifika sijatoka, ndipo ufungue."

Akaingia. Mlango ukajifunga kwa springi, taratibu, na kishindo kidogo mwishoni. Mpakiaji alisimama nyuma yangu anapumua kwa nguvu. Nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Ulikuwa ukimya uleule, na mashine ileile. Nilikuwa nimekunja mikono kifuani, nikijikaza, nikijiambia ana koti, ana kitasa, ni dakika moja tu.

Nilifika tisa. Nikaukamata ule mkono wa chuma nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Alikuwa amesimama upande wa pili, mkono ameunyoosha, hajakigusa hata kitasa. Tukatazamana. Nilingoja anigombeze. Machozi ambayo hakuyatoa barazani yakamshuka, na akasema, "Asante, wifi."

Kisha akajifuta kwa mkono wa koti, akarudi ndani tena, na mara ya pili nikafika ishirini na mbili kabla ya kuuvuta tena ule mkono.